Bakteria wanaokula methani shambani: kazi yao hasa ni ipi, na tunawaharibia wapi?

Udongo Hai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Methani ikitajwa kwenye kilimo, lawama huenda moja kwa moja kwa ng'ombe na majaruba ya mpunga. Lawama hizo zina msingi, lakini kuna upande wa pili wa hesabu ambao hausemwi: ndani ya udongo huohuo tunaoulima wamo bakteria wanaoishi kwa kula methani. Ndiyo chakula chao, ndiyo nguvu yao, na wengi wao hawana kingine wanachoweza kula zaidi ya hiyo na methanoli.

Siku hizi wameanza kuzungumzwa, na hapo ndipo ninapoona hatari. Wapo wanaodai kwamba shamba likiwa na bakteria hawa linajisafishia gesi lenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha chochote. Wapo pia wanaouza chupa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge vizuri: kwenye shamba kavu kazi yao ni ndogo kuliko inavyotangazwa, kwenye jaruba na kwenye shimo la samadi, yaani pale methani inapozaliwa, kazi yao ni kubwa kuliko tunavyoijali. Anayechanganya sehemu hizi mbili atakosea kwenye zote.

Kwanza wenyewe ni akina nani. Mwaka 1776 Alessandro Volta alikusanya gesi iliyokuwa ikibubujika kwenye matope ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, akaona inawaka. Ile ndiyo methani. Ilipita zaidi ya karne ndipo swali la nani anaila likapata jibu: mwaka 1906 Mholanzi N. L. Söhngen alionyesha bakteria wanaokua wakipewa methani na oksijeni. Kisha mwaka 1970 Roger Whittenbury na wenzake, Uingereza, wakaeleza aina mpya zaidi ya 100 kwa mpigo mmoja, na sehemu kubwa ya tunavyowapanga leo imejengwa juu ya kazi hiyo.

Wanachokifanya si kidogo. Methani ni molekuli sugu, kaboni moja imeshikamana na hidrojeni nne, na viwandani kuifungua kunahitaji joto kali. Bakteria hawa wanaifungua kwa joto la kawaida la udongo kwa kimeng'enya kinachoitwa methani monooksijinesi. Aina yake iliyoenea zaidi inategemea shaba, nyingine inategemea chuma. Methani inakuwa methanoli, methanoli inakuwa fomaldehidi, na hapo njia inagawanyika: sehemu inajenga mwili wa bakteria, sehemu inachomwa hadi kuwa kabonidioksidi.

Najua kuna atakayesema kabonidioksidi nayo ni gesi joto. Ni kweli. Lakini kilo moja ya methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya kabonidioksidi ukipima kwa miaka 20, na takriban mara 27 hadi 30 ukipima kwa miaka 100. Badiliko hilo ni faida kubwa.

Sasa hesabu ya shamba kavu. Hewa tunayovuta ina methani takriban sehemu 1.9 katika kila sehemu milioni. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa karibu 0.7. Wapo bakteria wenye uwezo wa kunasa hata kiasi hicho kidogo kutoka hewani. Udongo wote wa nchi kavu duniani unaondoa takriban tani milioni 30 kwa mwaka, kama asilimia 5 ya methani yote inayoondolewa angani. Nyingi ya iliyobaki huharibiwa hewani na chembe za haidroksili. Na katika hiyo asilimia 5, wanaobeba mzigo ni misitu na nyika za asili. Shamba linalolimwa huondoa kilo moja au mbili hivi kwa hekta kwa mwaka. Ng'ombe mmoja hutoa kati ya kilo 50 na zaidi ya 130 kwa mwaka kulingana na aina yake na malisho. Kwa hiyo kufidia ng'ombe mmoja tu kunahitaji makumi ya hekta. Anayewaambia wakulima vinginevyo anawapotosha.

Karibuni tujadili.

---

Jembe la Mkono

Mkuu, uzi umeshiba. Swali dogo: kitu kidogo namna hiyo kinapimwaje? Sehemu 1.9 kwa milioni, halafu mtu anasema udongo umeipunguza?

---

Udongo Hai

Swali zuri. Unazamisha fremu ardhini, unafunika kwa boksi lisilopitisha hewa, kisha kwa muda wa nusu saa au saa moja unavuta hewa ya ndani kwa sindano, mara kadhaa. Sampuli zinapelekwa kwenye mashine ya kuchambua gesi. Kama udongo unatoa methani, kila sindano inasoma juu kuliko iliyotangulia. Kama udongo unakula, unaona inashuka: 1.9, 1.8, 1.7. Mstari ule unaoteremka ndio ushahidi kwamba chini ya boksi kuna viumbe wanaokula.

Jambo moja linalowashangaza wengi ni kwamba kazi kubwa mara nyingi haifanyiki juu kabisa. Iko sentimita kadhaa chini, mahali ambapo unyevu hautoweki lakini hewa bado inafika. Na hewa kufika ndilo sharti kuu. Methani inasafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyosafiri hewani. Udongo ukijaa maji, au ukishindiliwa na magurudumu ya trekta hadi vitundu vyake vikafungwa, bakteria wanakaa na njaa huku chakula kiko juu ya vichwa vyao.

---

Mzee wa Majaruba

Vijana, mimi nalima mpunga, hayo ya mashine siyajui, lakini nitasema ninachokiona. Ukiingia jarubani mpunga ukiwa umeshika, kila hatua inatoa mapovu. Ukiung'oa mche, udongo wa chini ni mweusi na unanuka yai viza. Lakini mizizi yenyewe, ile midogo, ina utando wa rangi ya kutu, kama imepakwa. Nimekuwa nikidhani ni ugonjwa. Je, hao bakteria wako wapo hapo au huko kwenye mapovu?

---

Udongo Hai

Shikamoo mzee. Umeweka kwa maneno machache jambo ambalo mimi ningeandika kurasa. Nitalichambua polepole kwa sababu hapo ndipo kiini cha uzi huu.

Ule udongo mweusi unaonuka hauna oksijeni. Humo wanaishi viumbe wengine kabisa, arkea, ambao wanatengeneza methani kwa kutumia mabaki ya mimea yanayooza. Mapovu unayoyaona ni mali yao. Lakini mapovu ni sehemu ndogo tu ya safari. Methani nyingi inatoka kupitia mpunga wenyewe: mche una njia za hewa ndani ya shina zinazoteremsha oksijeni hadi mizizini ili mizizi isife kwa kukosa hewa, na njia hizohizo zinapandisha methani hadi juu na kuimwaga angani.

Sasa ule utando wa kutu. Oksijeni inapovuja kutoka kwenye mzizi, inakutana na chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo, na chuma kinaganda kuwa kutu juu ya mzizi. Kwa kawaida si ugonjwa, mzee, ni alama kwamba mzizi unapumua. Na pale penye kutu, ndani ya milimita chache tu, ndipo oksijeni ya mzizi na methani ya matope zinakutana. Walamethani wanahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanajazana hapo na kwenye tabaka jembamba la juu la tope linalogusa maji. Wanafanya kazi ya chujio. Methani inayopita hapo bila kuliwa ndiyo inayotufikia sisi.

Kiasi wanachonasa kinabadilika sana. Kwenye mashamba ya mpunga kaskazini mwa Italia, watafiti walipima wakakuta kwamba mwanzoni mwa msimu karibu asilimia 40 ya methani iliyotengenezwa ililiwa kabla haijatoka, lakini baadaye kiwango kikaporomoka. Sababu kubwa waliyoiona ni njaa ya naitrojeni: mpunga unakua kwa kasi, unanyonya naitrojeni yote iliyo karibu na mizizi, na bakteria wanabaki na methani tele lakini hawana cha kutengenezea protini.

---

Bwana Shamba

Hapo mkuu nakupinga, au angalau naomba ufafanuzi. Mimi nilifundishwa kinyume: mbolea za naitrojeni zinawafunga hawa bakteria. Sasa unasema wanakufa njaa kwa kuikosa. Wakulima tuwaambie lipi?

---

Udongo Hai

Una haki ya kuuliza, maana yote mawili yamepimwa na yote ni kweli. Tofauti ni mahali.

Uliyofundishwa yanatoka nchi kavu. Mwaka 1989 Paul Steudler na wenzake walichapisha vipimo vya udongo wa msitu huko Massachusetts, Marekani: walipoongeza naitrojeni, uwezo wa udongo kula methani ulishuka. Baadaye ikapimwa kwenye shamba la Broadbalk, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambapo ngano imekuwa ikipandwa kwa majaribio tangu mwaka 1843. Vipande vilivyopewa mbolea ya chumvichumvi kwa zaidi ya karne vilikula methani kidogo kuliko vile ambavyo havijawahi kupewa. Lakini kipande kilichopewa samadi miaka yote hiyo hakikupoteza uwezo wake kwa namna ile. Na kichaka cha jirani, ardhi iliyoachwa bila kulimwa tangu miaka ya 1880, kiliwazidi wote kwa mbali.

Sababu ni umbo. Amonia na methani ni molekuli zinazofanana kwa ukubwa, na kile kimeng'enya hakizitofautishi vizuri. Amonia ikijaa, inakalia nafasi ya methani. Mbaya zaidi, bakteria akiichakata anatoa naitriti, ambayo inamdhuru mwenyewe. Kwenye shamba kavu, ambako methani ni ya kuokoteza, ushindani huo unatosha kuwalaza njaa.

Jarubani methani si ya kuokoteza, ipo kwa wingi mara maelfu. Hapo amonia haiwezi kushindana kirahisi, na bakteria wanaihitaji kwa ajili ya kukua. Paul Bodelier na wenzake walionyesha hilo mwaka 2000: mbolea yenye amonia iliwachochea walamethani kwenye mizizi ya mpunga badala ya kuwafunga. Kwa hiyo bwana shamba, yule mkulima wa nchi kavu asiambiwe aache mbolea, chakula kwanza. Aambiwe asimwage yote siku moja, aigawe kwa vipindi mazao yanapoihitaji, na achanganye na mboji. Hasara ya kumwaga urea kupita kiasi ni kubwa kwa sababu nyingine pia, naitrasi oksidi, gesi joto nyingine inayotokana na naitrojeni ya mbolea, ikiwa ya kwanza. Ile ina nguvu ya kupasha joto takriban mara 273 ya kabonidioksidi kwa miaka 100.

---

Binti Mboga

Kaka, umegusia chupa halafu ukaziacha. Mimi nimeletewa moja, kwenye lebo wameandika ina bakteria wa kula methani na kuongeza mavuno. Nalima mboga nchi kavu. Ninunue?

---

Udongo Hai

Dada, kwa shamba lako mimi nisingenunua.

Fikiria mlo unaowapa. Bakteria wengi wanaofugwa maabara wamezoea methani nyingi. Ukiwamwaga kwenye udongo ambao methani yake ni 1.9 kwa milioni hawana cha kula. Wale wanaoweza kuishi kwa hewa tupu ni wachache na wagumu mno kufuga. Walijulikana kwa alama za jeni zao tangu miaka ya 1990, lakini hadi mwaka 2019 ndipo timu moja ya Norwei ikatangaza bakteria aliyefugwa peke yake na kuonyeshwa akikua kwa hewa ya kawaida, Methylocapsa gorgona, aliyetolewa kwenye udongo uliofunika dampo la zamani huko Tromsø. Anakua polepole sana, na anajazia mlo wake kwa hidrojeni na kaboni monoksidi ya hewani. Huyo si kiumbe wa kumimina tu shambani ukategemea matokeo wiki ijayo.

Pia soma lebo kwa makini. Chupa nyingi zina Methylobacterium. Hao wanakula methanoli inayotoka kwenye majani ya mimea, na wapo wanaosaidia mmea kukua, sina ugomvi na hilo. Lakini kula methanoli si kula methani. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha vipimo vya gesi vilivyofanyika shambani, si kwenye chupa ya maabara, basi ahadi hiyo haina msingi.

Udongo wako tayari una wakazi wake. Wanachokosa mara nyingi ni nafasi ya kupumua.

---

Mwalimu wa Sayansi

Naongeza kidogo. Usiwasahau wanaokula methani pasipo oksijeni ya nje. Mwaka 2010 Katharina Ettwig na wenzake, Uholanzi, walieleza Methylomirabilis oxyfera, bakteria anayechukua naitriti, anaigeuza, na kupata oksijeni yake mwenyewe ndani ya seli, kisha anaitumia kuunguza methani. Wanafunzi wangu huduwaa nikiwaeleza. Ndugu zake wamekutwa pia kwenye udongo wa mpunga.

---

Udongo Hai

Asante mwalimu. Nami huwa naduwaa kila nikiusoma utaratibu wake. Jamani, bakteria aliye gizani kwenye tope anajitengenezea oksijeni bila jua!

---

Mfugaji wa Bonde

Wakuu, mimi nina ng'ombe wa maziwa na shimo la samadi ya majimaji. Mmeshasema hekta zangu hazitafidia ng'ombe, sawa. Kuna chochote cha kufanya hapo shimoni?

---

Udongo Hai

Kipo, na ni mfano mzuri wa hoja yangu. Samadi ya majimaji ikiachwa bila kukorogwa, majani na nyuzi huelea juu na kufanya gamba. Watafiti wa Denmark walichunguza magamba hayo na kukuta walamethani ndani yake: chini kuna methani inayopanda, juu kuna hewa, na gamba lenye unyevu lipo katikati. Ni mazingira yaleyale ya mzizi wa mpunga. Kama shimo lako linaunda gamba, usilivunje ovyo kila siku. Kufunika kwa majani makavu kunasaidia lijengeke. Halizuii yote, na likikauka kupita kiasi gesi inapita kwenye nyufa, lakini halina gharama.

Wazo hilohilo linatumika kwenye madampo, ambako tabaka la mboji iliyokomaa hutandazwa juu ili walamethani wainase gesi inayopanda. Mboji, kwa sababu ni nyepesi, inapitisha hewa na inashika unyevu.

Ila kwa wingi wa gesi, kama una uwezo wa kuweka mtambo wa kuvuna na kupikia, fanya hivyo. Hakuna bakteria atakayeshindana na jiko.

---

Mzee wa Majaruba

Turudi jarubani. Tunaambiwa tukaushe na kumwagilia kwa zamu. Nikikausha, hao walaji wananufaika? Na magugu je? Maji ndiyo yanayonisaidia kuyazuia.

---

Udongo Hai

Mzee, nitakujibu bila kupamba. Kukausha kwa zamu kunapunguza methani hasa kwa sababu oksijeni ikiingia kwenye tope, wale arkea wanaoitengeneza wanasimama. Walamethani wanapata ahueni pia, lakini sifa kubwa si yao. Kwenye mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, uliorekebishwa mwaka 2019, jaruba lililojaa maji msimu mzima linakadiriwa kutoa kilo 1.19 za methani kwa hekta kwa siku, na likikaushwa zaidi ya mara moja makadirio yanashuka hadi asilimia 55 ya hapo. Linganisha na ile kilo moja au mbili kwa mwaka ambayo shamba kavu linaondoa. Ndiyo maana nasema nguvu zetu ziende jarubani.

Kipo kinachowahusu walaji moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa walamethani wa kawaida wa udongo wa mpunga, baada ya kushiba methani nyingi, huweza kwa muda kunasa hata methani ya hewani udongo unapokauka. Muda huo unaisha wakikosa mlo mkubwa tena.

Utaratibu wenyewe ni huu: chukua bomba lenye matundu, lizamishe jarubani, toa udongo uliomo ndani uone usawa wa maji. Acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo umwagilie tena. Hiyo ndiyo kanuni iliyoenezwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI. Wakati wa kuchanua usijaribu kukausha, acha maji yasimame.

Kuhusu magugu hofu yako ni halali. Wiki mbili hivi za mwanzo acha maji yasimame hadi mpunga ufunike, ndipo uanze zamu.

---

Bwana Shamba

Niongezee tahadhari: ukikausha huku umemwaga naitrojeni nyingi, naitrasi oksidi inapanda. Kwa kawaida faida ya methani bado ni kubwa kuliko hasara hiyo, lakini mbolea lazima ipimwe.

---

Mzee wa Majaruba

Nimeelewa. La mwisho: majani ya mpunga baada ya kuvuna. Nikichoma ni moshi, nikizika ni hayo mapovu. Nifanye nini?

---

Udongo Hai

Usichome. Yachanganye na udongo mapema, zaidi ya siku 30 kabla ya kujaza maji, yaoze kwenye udongo wenye hewa. Mwongozo uleule unahesabu kuwa majani yaliyozikwa mapema hivyo yana nguvu ya kuchochea methani takriban moja ya tano ya yale yaliyozikwa ndani ya mwezi mmoja kabla ya msimu. Ukiyatengeneza kuwa mboji kwanza, ni karibu hivyohivyo. Kama maji ya mfereji yanafunguliwa kwa tarehe maalumu, hesabu siku zako kuanzia tarehe hiyo kurudi nyuma.